Bangi: Maswali Manne Yanayojificha Ndani ya Swali Moja

Je, bangi ihalalishwe? Swali hili husikika kwenye baraza la chifu, kwenye steji ya bodaboda, kwenye mikutano ya wazazi shuleni na hata baada ya ibada. Mara nyingi mjadala huisha kwa kelele, kila upande ukiamini kwamba mwenzake hataki kusikia.

Ukweli ni kwamba watu wengi hubishana kuhusu mambo tofauti bila kujua. Mmoja anamfikiria mtoto mwenye kifafa ambacho hakijatulia kwa dawa za kawaida. Mwingine anamfikiria kijana aliyekamatwa na msokoto mmoja mfukoni. Wa tatu anazungumzia haki ya mtu mzima kufanya apendavyo nyumbani kwake. Wa nne anapiga hesabu ya pesa ambazo ekari yake moja ingemletea. Wote wanatumia neno moja, "kuhalalisha", lakini kila mmoja ana swali lake. Tena mtu anaweza kujibu "ndiyo" kwa swali moja na "hapana" kwa jingine. Nchi nyingi zimefanya hivyo hivyo.

Kuyachanganya maswali haya kuna gharama. Kijana anayesikia kwamba "bangi imeruhusiwa" anaweza kujikuta seli. Mzazi anayesikia kwamba "bangi inatibu kifafa" anaweza kumwachisha mtoto dawa zinazomlinda. Somo hili linayatenganisha maswali hayo manne ili mkazi ajue ni lipi analijibu.

SHERIA ILIVYO LEO

Bangi ni haramu nchini Kenya. Sheria inayohusika ni Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya na Dawa Zinazoathiri Akili, Nambari 4 ya 1994. Kupanda bangi, kuiuza, kuisafirisha, kuivuta na kupatikana nayo ni makosa. Mwenye nyumba anayekubali nyumba yake itumiwe kuvutia bangi pia anavunja sheria, hata kama yeye mwenyewe havuti.

Sheria ya 1994 ilitaja kifungo cha miaka 10 kwa mtu aliyepatikana na bangi ya matumizi yake mwenyewe. Mwaka wa 2022 Bunge liliirekebisha. Sasa mtu anayeiridhisha mahakama kwamba bangi aliyokuwa nayo ilikuwa ya matumizi yake pekee anaweza kufungwa kwa muda usiozidi miaka 5, au kutozwa faini isiyozidi Sh100,000. Hapa ndipo uvumi ulipoanzia. Wapo waliosikia kwamba adhabu imepunguzwa wakaelewa kwamba kosa limeondolewa. Kosa lipo, na anayepatikana na hatia anaingia kwenye rekodi ya polisi, jambo linaloweza kumfuata siku atakapoomba cheti cha tabia njema ili apate kazi.

Kwa anayepanda, adhabu ni nzito zaidi. Sheria inataja faini ya Sh250,000 au mara tatu ya thamani ya mimea kwenye soko, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa, au kifungo kisichozidi miaka 20, au vyote viwili. Mkulima anayeficha mashina machache katikati ya mahindi anahatarisha mengi kuliko anavyodhani.

MMEA WENYEWE

Ndani ya bangi mna kemikali nyingi, lakini mbili ndizo zinazotajwa zaidi kwenye mjadala. Ya kwanza huitwa THC. Hii ndiyo inayolevya, inayobadilisha hisia za muda na kumfanya mtu acheke au aingiwe na hofu. Wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga kwa mara ya kwanza nchini Israeli mwaka wa 1964. Ya pili huitwa CBD. Hii hailevyi, na ndiyo iliyotumika kutengeneza dawa ya kifafa iliyoidhinishwa Marekani.

Tofauti hii ni muhimu. Anayesema "bangi ni dawa" na anayesema "bangi inaharibu akili" wanaweza wote kuwa wanasema kweli, kila mmoja akizungumzia kemikali tofauti, kipimo tofauti na mtumiaji tofauti.

SWALI LA KWANZA: BANGI KAMA DAWA

Mwaka wa 2017 Chuo cha Kitaifa cha Sayansi, Uhandisi na Tiba cha Marekani kilichapisha ripoti kubwa iliyopitia utafiti uliokuwepo. Iliona ushahidi wa kutosha katika mambo matatu: maumivu ya muda mrefu kwa watu wazima, kichefuchefu na kutapika kunakoletwa na dawa za saratani, na kukakamaa kwa misuli kwa wagonjwa wa ugonjwa wa neva uitwao multipo sklerosisi. Kwa magonjwa mengine mengi ambayo watu hudai bangi inayatibu, ushahidi ulikuwa mdogo au haukuwepo.

Mwaka uliofuata, Juni 2018, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa iitwayo Epidiolex. Ni maji ya CBD iliyosafishwa, na iliidhinishwa kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Mtoto hupewa kwa kipimo kulingana na uzito wake, kwa kawaida pamoja na dawa zake nyingine. Daktari hupima ini lake, kwa sababu CBD inaweza kulidhuru, hasa ikikutana na baadhi ya dawa za kifafa.

Mzazi atambue tofauti. Dawa hiyo si moshi wa bangi ya mtaani, wala si majani yaliyochemshwa. Bangi ya mtaani ina THC isiyojulikana kipimo, na mtoto akipewa anaweza kudhurika. Mafuta yanayouzwa mtandaoni kwa jina la CBD nayo huenda yasiwe na kile kilichoandikwa kwenye chupa. Mtoto mwenye kifafa asiachishwe dawa zake ghafla kwa sababu yoyote. Kuachisha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma na hata kifo. Ikiwa dawa anazotumia hazimsaidii, mzazi aombe rufaa kwa daktari bingwa. Kabla ya kununua dawa yoyote mpya, amuulize mfamasia kama imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Je, sheria ya Kenya inafunga mlango wa tiba? Si kabisa. Sheria ya 1994 yenyewe inatambua leseni, na inamtofautisha mgonjwa aliyeandikiwa dawa na daktari na mtu mwingine yeyote. Mfano wa karibu ni mofini. Mofini hutokana na afyuni, nayo imo chini ya sheria hiyo hiyo. Hata hivyo hutolewa hospitalini kwa wagonjwa wa saratani wenye maumivu makali, ikiandikwa na daktari, ikihesabiwa na kufungiwa kabatini. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa mofini ni dawa, basi afyuni iuzwe sokoni. Wala hakuna anayesema kwamba kwa kuwa afyuni ni haramu, mgonjwa wa saratani aachwe na maumivu.

Umoja wa Mataifa nao ulipiga hatua kama hiyo. Tarehe 2 Desemba 2020, Tume ya Dawa za Kulevya ilipiga kura 27 kwa 25, nchi moja ikijizuia, kuiondoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari zaidi zisizo na manufaa makubwa ya tiba. Pendekezo lilitoka kwa Shirika la Afya Duniani. Lakini bangi ilibaki kwenye orodha ya dawa zinazopaswa kudhibitiwa vikali, na hakuna nchi iliyolazimishwa kuihalalisha.

SWALI LA PILI: JE, MTUMIAJI AFUNGWE?

Swali hili halihusu kuruhusu bangi. Linahusu cha kumfanyia mtu aliyepatikana na kiasi kidogo cha kuvuta.

Nchi inayotajwa sana ni Ureno. Tangu Julai 2001, anayepatikana huko na kiasi kidogo cha dawa yoyote ya kulevya kwa matumizi yake hapelekwi mahakama ya jinai. Anafikishwa mbele ya jopo dogo la maafisa wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Jopo linaweza kumwelekeza kwenye matibabu, kumtoza faini au kumwachilia kwa onyo. Dawa zenyewe hazikuhalalishwa, na muuzaji bado hufungwa.

Wanaounga mkono njia hii wanasema jela humkutanisha kijana na wahalifu sugu, humkatizia masomo na humtoa akiwa mbaya kuliko alivyoingia. Tena, wanasema, wanaokamatwa mara nyingi ni maskini wa mitaani, si wanaovuta nyuma ya malango ya nyumba kubwa. Wanaopinga wanasema hofu ya sheria huwazuia vijana wengi kujaribu, na kwamba bila vituo vya matibabu vya kutosha, kumwachilia mraibu ni kumrudisha palepale alipotoka. Hoja ya mwisho ni nzito: Ureno iliongeza huduma za matibabu ilipobadilisha sheria, na bila huduma hizo jopo halingekuwa na mahali pa kumpeleka mtu.

Mabadiliko ya Kenya ya 2022 yaligusa swali hili la pili kwa sehemu. Yalipunguza adhabu ya mtumiaji bila kuondoa kosa.

SWALI LA TATU: MTU MZIMA NYUMBANI KWAKE

Afrika Kusini ndiyo iliyolijibu swali hili kwa uwazi zaidi barani. Gareth Prince, Mrastafari aliyesomea sheria, alinyimwa nafasi ya kuwa wakili kwa sababu alikuwa amehukumiwa kwa kupatikana na bangi na akasema hataacha kuitumia katika imani yake. Alishindwa katika Mahakama ya Kikatiba mwaka wa 2002, majaji 5 dhidi ya 4. Hakuchoka. Tarehe 18 Septemba 2018 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba kumwadhibu mtu mzima anayetumia, kumiliki au kupanda bangi faraghani kwa matumizi yake kunavunja haki yake ya faragha. Uamuzi uliandikwa na Naibu Jaji Mkuu Raymond Zondo. Bunge lilichukua muda, na Rais Cyril Ramaphosa akatia sahihi sheria mpya Mei 2024. Kuuza bado ni kosa, na watoto wanalindwa.

Nchini Kenya, Warastafari walifikisha ombi kama hilo katika Mahakama Kuu jijini Nairobi mwaka wa 2021, wakitaka waruhusiwe kuitumia bangi katika ibada na nyumbani. Kabla ya hapo, mwaka wa 2019, Mahakama Kuu ilikuwa imetambua Urastafari kuwa dini katika kesi ya mwanafunzi aliyekatazwa shule kwa sababu ya nywele zake. Mkazi asichanganye mambo haya mawili: uamuzi wa 2019 ulihusu nywele na elimu. Haukumpa mtu yeyote ruhusa ya bangi.

Hoja ya faragha ina nguvu pale ambapo anayeathirika ni mvutaji peke yake. Inapungua nguvu pale ambapo nyumba ni chumba kimoja na watoto wanavuta moshi huo huo, au mvutaji anaendesha bodaboda saa moja baadaye akiwa na abiria wawili.

SWALI LA NNE: BIASHARA

Hili ndilo swali lililovuma zaidi Kenya. Mwaka wa 2018 aliyekuwa Mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, alitangaza nia ya kuwasilisha mswada wa kuhalalisha na kudhibiti bangi. Alifariki Julai 2019 kabla mswada huo haujawa sheria. Katika uchaguzi wa 2022, George Wajackoyah wa chama cha Roots aliwania urais akiahidi bangi ya kuuzwa nje ili kulipa deni la taifa. Alizungumziwa sana, lakini alipata chini ya asilimia 1 ya kura.

Biashara yenyewe ina sura mbili. Ya kwanza ni kupanda kwa ajili ya dawa na kuuza nje. Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka wa 2017, ikafuatwa na Zimbabwe mwaka wa 2018 na Malawi mwaka wa 2020. Rwanda iliweka kanuni zake mwaka wa 2021, huku kuvuta bangi kwa kujistarehesha kukibaki kosa. Funzo la Lesotho linafaa kuzingatiwa na kila mkulima anayepiga hesabu. Watu wa milimani huko wamepanda bangi kwa vizazi, lakini ada kubwa za leseni, ua wa ulinzi, nyumba za kukuzia na vipimo vya maabara vinavyotakiwa na wanunuzi wa nje viliwaacha wengi wao kando. Walioingia zaidi ni makampuni yenye mtaji. Bei ya bangi ya magendo inatokana na uharamu wake. Mmea ukisharuhusiwa na wengi wakaupanda, bei hushuka.

Sura ya pili ni kuuzia umma. Uruguay ilipitisha sheria mwaka wa 2013. Canada ilifungua mauzo tarehe 17 Oktoba 2018, ikiweka umri wa chini wa miaka 18, 19 au 21 kulingana na jimbo, na kikomo cha THC katika vyakula. Soko la magendo limepungua huko lakini halijaisha, na hospitali zimepokea watoto wadogo zaidi waliokula peremende na biskuti zenye bangi. Thailand iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022 kabla ya kukamilisha kanuni za mauzo. Maduka yakafunguliwa kila kona. Juni 2025 serikali yake iliamuru kwamba anayenunua awe na karatasi ya daktari. Aliyetangulia kufungua mlango akachelewa kutafuta kitasa.

MADHARA YASIYOBISHANIWA

Kuna mambo ambayo pande zote za mjadala zinapaswa kukubali. Takriban mtu 1 kati ya 10 wanaotumia bangi huwa mraibu, na kwa wanaoanza wakiwa matineja inakadiriwa kuwa 1 kati ya 6. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, ndiyo maana hata nchi zilizohalalisha zimewazuia watoto. Matumizi ya mara kwa mara, hasa ya bangi yenye THC nyingi, huongeza hatari ya ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona yasiyokuwepo, zaidi kwa mtu ambaye jamii yake ina ugonjwa huo. Mama mjamzito anayevuta ana hatari zaidi ya kujifungua mtoto mwenye uzani mdogo.

Kwa upande mwingine, bangi haisimamishi pumzi kama heroini inavyofanya, na si kila anayeivuta huwa mwizi au mwendawazimu. Kijana akiambiwa uongo kuhusu jambo moja, hataamini ukweli kuhusu lingine.

Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa 2022 ulionyesha kwamba Mkenya 1 kati ya 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia bangi. Hilo si jambo la mbali na kaunti yoyote.

NANI ANAWEZA KUBADILISHA SHERIA?

Serikali ya kaunti haiwezi kuhalalisha bangi. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya, pamoja na huduma za afya za kaunti na kilimo. Lakini makosa ya jinai na adhabu zake hutungwa na Bunge la taifa. Mwakilishi wadi anayeahidi kuruhusu bangi katika wadi yake anaahidi asichoweza kutoa.

Mkazi mwenye maoni, ya kuunga mkono au kupinga, ana njia. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lishirikishe umma. Mswada ukiletwa, mkazi aliyeyatenganisha maswali manne atatoa maoni yenye uzito kuliko yule anayesema tu "ndio" au "la".

MSAADA ULIOPO SASA

Mjadala ukiendelea, kuna familia zinazohitaji msaada leo. Dalili za uraibu ni kama kuhitaji bangi zaidi ili kupata ulevi ule ule, kushindwa kuacha licha ya kujaribu, na kukosa usingizi, hamu ya kula na utulivu mtu anapokaa bila kuvuta. Si lazima kila mraibu alazwe. Wengi husaidiwa kwa ushauri nasaha huku wakiendelea na kazi au masomo.

Anayesikia sauti au kuongea yasiyoeleweka baada ya kutumia bangi ni mgonjwa. Apelekwe hospitalini. Asifungwe kamba, asichapwe, asifichwe chumbani. NACADA ina laini ya simu 1192, ambayo haitozwi malipo, kwa anayehitaji ushauri kwa ajili yake au jamaa yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA BARAZA NA VIKUNDI

1. Kati ya maswali manne, ni lipi linaloigusa zaidi jamii ya hapa, na kwa nini?

2. Kijana wa miaka 19 amekamatwa na msokoto mmoja kwa mara ya kwanza. Ni hatua gani ingemsaidia aache, na nani hapa kijijini angeisimamia?

3. Ikiwa dawa ya CBD ingepatikana kwa watoto wenye kifafa kikali, gharama yake ingelipwa na nani, na nani angehakikisha haiuzwi kiholela?

4. Ikiwa leseni za kupanda zingetolewa, mkulima wa ekari moja angehitaji nini ili asiachwe nje kama wenzake wa Lesotho?